Je, Wajua? Daktari na Muuaji Ndani ya Koti Moja

Pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kuna kijana ambaye hukaa kando ya kibanda cha kuchaji simu na daftari lake la hesabu, lile lenye vimraba. Ndani ya daftari hakuna hesabu, kuna katuni tupu. Jumamosi iliyopita alinifungulia ukurasa wa katikati: daktari wa Kijapani, koti jeusi, nywele nusu nyeupe nusu nyeusi, mshono umekata uso kutoka kwenye paji hadi shavuni, na kati ya vidole amebana visu vya upasuaji kama anayetaka kuvirusha. Akaniuliza, "Mwalimu, munganga mwenye kuua watu yupo kweli, ao ni wa katuni tu?"

Nilimjibu kidogo, maana taksi ya mwisho ya kurudi Mbarara ilikuwa inajaza abiria. Nilipofika nyumbani Kamukuzi nikakaa kumwandikia yaliyobaki, naye akakubali niwagawie wengine.

Je, wajua kwamba daktari yule wa kwenye daftari anaitwa Black Jack, na kwamba hadithi zake zilianza kuchapishwa Japani Novemba 1973, zikaendelea kwa vipindi hadi 1983? Ni zaidi ya 240. Jina alilopewa na wazazi wake humo kitabuni ni Hazama Kuroo. Alipokuwa mtoto, bomu lililosahaulika ardhini lilimlipukia yeye na mama yake, na daktari mmoja akamshona kipande kwa kipande mpaka akawa mtu tena.

Je, wajua ile ngozi nyeusi zaidi upande mmoja wa uso wake ilitoka wapi? Wachoraji wengi wadogo huiweka kivuli wakidhani ni pambo. Siyo. Mtoto Kuroo alipohitaji ngozi ya kubandikwa, wenzake darasani waliogopa. Aliyejitolea ni mmoja tu, Takashi, chotara aliyechanganya damu ya Kijapani na ya watu weusi. Ngozi yake ndiyo ikaziba shavu la rafiki. Baadaye Black Jack akawa mpasuaji anayeweza kujibadilishia ngozi hiyo kwa siku moja, lakini akakataa kuigusa. Nilipomweleza kijana haya, alichukua penseli akaanza kuitilia giza ile sehemu ya uso, taratibu, huku ametoa ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake.

Mchoraji mwenyewe, Tezuka Osamu, alikuwa daktari wa kweli. Alizaliwa 1928, akasoma tiba Chuo Kikuu cha Osaka, akapata leseni, na mwaka 1961 akatunukiwa shahada ya udaktari wa sayansi za tiba kwa utafiti uliohusu mbegu za kiume za konokono. Maishani mwake anahesabiwa kuchora zaidi ya kurasa 150,000. Alifariki Februari 1989, mwaka ule ule ambao hapa Mbarara Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilifungua milango na kuanza kufundisha madaktari.

Je, wajua kwamba Black Jack hana leseni? Hapo ndipo hadithi nzima inapoegemea. Ni mpasuaji hodari kuliko wote, na mbele ya serikali ya Japani si daktari.

Niruhusu nisimame kidogo hapa. Hapa Uganda sheria iko wazi: daktari, awe mzawa au mgeni, hagusi mgonjwa kabla hajasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Aliyesoma nje lazima vyeti vyake vihakikiwe na yeye mwenyewe apimwe. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona mtoto aliyechomwa sindano na mtu aliyejifanya daktari, na mguu wake haukurudi kuwa kama mwingine. Lakini upande wa New Congo, humo humo Nakivale, kuna mama aliyekuwa muuguzi Kivu ya Kusini, aliyezalisha wanawake wengi hata akaacha kuhesabu. Cheti chake ni nakala ya nakala, imekunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana pametoboka tundu, limekula nusu ya muhuri. Anakihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Shule iliyompa cheti ilishavunjwa na vita, hakuna wa kupokea barua ya kumhakiki. Mama huyo sasa anauza mandazi. Ukimtazama anavyonawa mikono kabla ya kukanda unga, anasugua kucha moja moja, anapanda hadi kwenye viwiko, anainyanyua juu maji yachuruzike, utajua bila kuambiwa alikofunzwa. Mshike mama huyu kichwani mwako, nitamrudia.

Je, wajua kwamba muuaji wa kwenye hadithi hizi si Black Jack, bali mwenzake? Anaitwa Daktari Kiriko. Nywele zake ni za rangi ya fedha, jicho moja limefunikwa kitambaa. Alikuwa daktari wa jeshi. Vitani aliona askari wakigaragara kwa maumivu yasiyo na tiba, akaanza kuwamaliza, nao wakamshukuru. Vita vilipoisha akaifanya kazi hiyo kuwa riziki. Mgonjwa aliyekata tamaa anamwita, analipa, Kiriko anakuja na mkoba wake. Watu humwona kuwa mauti yenyewe iliyovaa mwili.

Kuna hadithi moja ya hao wawili ambayo nimeisoma zaidi ya mara kumi. Mama aliyepooza anamwita Kiriko amuue ili asiwe mzigo kwa watoto wake. Watoto wenyewe wanamwita Black Jack amponye. Black Jack anamwahi, anapasua, anafanikiwa. Mama na watoto wanasafirishwa kwenda hospitali nyingine, na njiani gari lao linapata ajali, wanakufa wote. Kiriko anacheka. Black Jack anabaki amesimama, analia kwa sauti kwamba hata hivyo ataendelea kuponya. Tezuka hakutuambia nani ameshinda. Kwa mtu aliyeishi kambini, ambako mtoto huponywa malaria leo na kesho njaa ikamrudisha kitandani, hadithi hiyo si ya Japani peke yake.

Je, wajua yupo mwingine wa zamani zaidi kwa mavazi? Fujieda Baian, mtu wa riwaya za Ikenami Shotaro zilizoanza 1972. Anaishi Edo, jiji tunaloliita leo Tokyo. Mchana ni mganga wa sindano, maskini wanapanga foleni mlangoni pake. Usiku ni muuaji wa kukodiwa, na silaha yake ni sindano ile ile, nyuma ya shingo. Aliyemhamishia kwenye katuni ni Saito Takao, yule yule aliyeanza kumchora muuaji Golgo 13 mwaka 1968. Mwaka 2021, Golgo 13 ilipofikisha vitabu 201, iliingia kwenye rekodi za dunia za Guinness kwa kuwa na vitabu vingi kuliko mfululizo mwingine wowote wa katuni za Kijapani.

Na Daktari Tenma je? Huyu ni wa Urasawa Naoki, katika mfululizo uitwao Monster. Mpasuaji wa ubongo wa Kijapani aliye Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1986 anaambiwa amwache mtoto aliyepigwa risasi kichwani akampasue meya wa mji. Anakataa. Anamwokoa mtoto. Miaka tisa baadaye anagundua kwamba mtoto yule amekuwa muuaji asiye na huruma, naye daktari anajifunza kulenga bunduki ili amtafute amuue, aufute uhai aliourudisha kwa mikono yake. Vitabu 18. Sura ya kwanza ilitoka Desemba 1994.

Huo ni mwaka ambao sisi wa Maziwa Makuu hatuna haja ya kufunua kitabu cha katuni kuukumbuka.

Kabla sijafika huko, ujue kwamba Japani yenyewe iliwahi kumpata daktari muuaji wa nyama na damu. Hayashi Ikuo alikuwa mpasuaji wa moyo, msomi wa Chuo Kikuu cha Keio, mkuu wa idara hospitalini. Mwaka 1990 aliacha kazi na kujiunga na kundi la dini la Aum Shinrikyo. Asubuhi ya tarehe 20 Machi 1995 alipanda treni ya chini ya ardhi jijini Tokyo, amevaa barakoa, ameshika mwavuli wenye ncha iliyonolewa, na miguuni pake mifuko ya sumu ya sarini iliyofungwa kwa gazeti. Alitoboa mmoja akashuka. Kwenye treni yake walikufa wafanyakazi wawili wa reli waliojitahidi kuisafisha sumu hiyo ili abiria waendelee na safari. Mwaka 1998 alihukumiwa kifungo cha maisha. Alinusurika kamba kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua kinywa akasema yote. Mpasuaji wa moyo anajua dakika ngapi mtu anaweza kukaa bila hewa. Hilo ndilo linalonitisha kwake kuliko ule mwavuli.

Nyuma yake kuna Ishii Shiro, daktari na jenerali wa jeshi la Japani, aliyeongoza Kikosi 731 karibu na Harbin, China, ambako binadamu walio hai walipandikizwa magonjwa ili wachunguzwe. Alifariki 1959 bila kuhukumiwa, kwa sababu Marekani ilitaka matokeo ya uchunguzi wake ikamwachia.

Sasa jibu la swali la kijana wangu, lile nililoshindwa kulimaliza pale kibandani. Ndiyo, yupo kweli. Na alikuwa karibu nasi.

Nayaandika haya nikijua ni nani wanaoyasoma. Nakivale imekuwa makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza walitoka Rwanda. Baada ya 1994 walikuja wengine, wenye historia nyingine. Watu hao huteka maji kwenye mabomba yale yale. Kwa hiyo nitataja yaliyo kwenye kumbukumbu za wazi na yaliyopimwa na mahakama, basi.

Je, wajua kwamba rais wa serikali ya mpito ya Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi alikuwa daktari wa watoto? Théodore Sindikubwabo, aliyezaliwa 1928, mwaka mmoja na Tezuka. Aliwahi kuwa waziri wa afya. Aliapishwa Aprili 1994, siku chache baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa. Mkoa wa Butare, alikozaliwa, ulikuwa bado umetulia. Mkuu wake, Mtutsi pekee aliyeshika wadhifa huo nchini, alikuwa anazuia mauaji. Mkuu huyo akaondolewa. Tarehe 19 Aprili, Sindikubwabo akasafiri hadi Butare akahutubia, akiwakemea wale wanaojiona kwamba kazi hiyo haiwahusu. Kila aliyesikia alielewa kazi ipi. Mauaji makubwa yakaanza Butare mara baada ya hapo. Yeye hakushika panga wala sindano. Alishika kipaza sauti. Serikali yake iliposhindwa alikimbilia Zaire, akafa uhamishoni 1998 bila kusimama mbele ya hakimu.

Siku chache baada ya hotuba ile, katika hospitali ya chuo kikuu pale Butare, wagonjwa na wafanyakazi wapatao 150 waliuawa. Walitolewa vitandani, wengine bandeji zao zikiwa bado mbichi. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakifanya kazi humo, walifunga virago wakaondoka, kwa sababu kumtibu mtu hapo kulikuwa kumwandaa kwa muuaji wake.

Je, wajua kwamba Arusha, Tanzania, ndiko alikohukumiwa daktari wa hospitali ya Mugonero? Watutsi wengi walikimbilia kwenye kanisa na hospitali hiyo ya Waadventista huko Kibuye, wakiamini kwamba mahali pa sala na tiba hapataingiliwa. Daktari wa hapo alikuwa Gérard Ntakirutimana, na baba yake, Elizaphan, alikuwa mchungaji mkuu wa eneo hilo. Wachungaji waliojificha humo walimwandikia Elizaphan barua ya kumwomba awaokoe. Tarehe 16 Aprili 1994 washambuliaji walifika. Februari 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimpa baba kifungo cha miaka 10 na mwana miaka 25. Katika yaliyothibitika juu ya daktari ni kwamba alimpiga mtu risasi akamuua ndani ya uwanja wa hospitali yake mwenyewe.

Na ufunguo? Je, wajua kwamba kesi nzima ya daktari mmoja iliuzunguka ufunguo? Sosthène Munyemana alikuwa daktari wa wanawake, mkazi wa Tumba, Butare. Mwaka 1994 alishika ufunguo wa ofisi ya sekta ambamo Watutsi walifungiwa ndani. Yeye alisema aliwafungia kuwalinda. Waliookoka walisema waliotolewa humo walipelekwa kuuawa. Alihamia Ufaransa mwaka huo huo, na malalamiko ya kwanza dhidi yake yalipelekwa Bordeaux mwaka 1995. Hukumu ikatoka Paris tarehe 20 Desemba 2023: hatia, miaka 24. Kati ya malalamiko na hukumu ni miaka 28, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kazini hospitalini, vyeti vyake vikiwa safi, akiandika dawa na kulipwa mshahara.

Mwenzake, Eugène Rwamucyo, daktari wa masuala ya afya ya jamii naye aliyekuwa Butare mwaka 1994, alifanya kazi hospitali ya kaskazini mwa Ufaransa. Alikamatwa Mei 2010 akiwa mazishini, karibu na Paris. Oktoba 2024 alitiwa hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari, akapewa miaka 27; ndani ya kesi hiyo mlikuwamo makaburi ya halaiki na jinsi miili ilivyozikwa haraka.

Rudi sasa kwa yule mama wa mandazi. Cheti chake kina tundu, na mikono yake bado inanawa kama ya muuguzi. Hawa walikuwa na vyeti visivyo na hata mkunjo. Sisemi cheti hakina maana. Nasema kwamba kinathibitisha masomo, na kwa mwenye kukipokea dirishani karatasi ya mama na karatasi ya Munyemana zingeonekana moja ni mbaya na moja ni nzuri, na dirisha lingekosea. Ningependa tupate njia ya kuuliza swali la pili: ulikuwa wapi watu walipokuwa wanakufa, na mikono yako ilikuwa inafanya nini? Mama huyu angelijibu bila kumeza mate.

Je, wajua kwamba mwaka aliozaliwa Munyemana, 1955, ndio aliozaliwa Denis Mukwege wa Bukavu? Wote wawili ni madaktari wa wanawake. Wote wawili walisomea ubingwa wao Ufaransa. Butare na Bukavu si mbali. Ni msitu wa Nyungwe na mto Ruzizi vilivyo katikati. Oktoba 1996 hospitali ya Mukwege kule Lemera ilivamiwa na wagonjwa wake wakauawa vitandani. Akaanza upya Panzi mwaka 1999, akiwashona wanawake waliobakwa vitani. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvizia nyumbani kwake; mlinzi wake alikufa, yeye akanusurika, akahamia Ulaya. Na hapa pana jambo ambalo kila nikilisimulia sauti inanikwama: wanawake aliowatibu waliuza mananasi na vitunguu, wakachanga senti kwa senti, ili wamlipie tiketi ya ndege arudi. Januari 2013 akarudi. Nobeli ya Amani ilimfikia 2018. Tiketi ya mananasi ilimfikia kwanza.

Uganda nayo ina wake. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu: waasi walipokuja kuteka watu hospitalini mwaka 1989, alijitoa achukuliwe yeye, akakaa porini siku kadhaa mpaka wakamwachia. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, yeye ndiye aliyeitambua mapema na kupiga kengele. Ilimuua tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Tupumue kidogo, maana mambo mazito yana kina chake. Je, wajua kwamba Kiswahili hakikutenga kabisa dawa na sumu? Dukani unaomba dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya kunguni. Zote zinaua, na bado tunaziita dawa. Wahenga hawakukosea hesabu. John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyefuatana na Livingstone kwenye Mto Zambezi kati ya 1858 na 1863, aliweka mswaki wake kwenye mfuko mmoja na sumu ya mishale aliyoipata kwa wenyeji. Asubuhi alipopiga mswaki alisikia uchungu mkali ulimini, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Badala ya kuogopa tu, akaandika. Mmea wa sumu hiyo, uitwao kombe, ukapelekwa Edinburgh, na kutokana nao madaktari wakapata strofanthini, dawa ya moyo dhaifu iliyotumika kwa miongo mingi.

Kirk huyo huyo alifika Zanzibar 1866, akawa balozi wa Uingereza, na mwaka 1873 alisimama nyuma ya mkataba uliomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa. Yule kima mwekundu wa msitu wa Jozani, ambaye hayupo kokote duniani ila Zanzibar, wanasayansi wamempa jina la Kirk. Waunguja wenyewe wanamwita kima punju. Punju ni sumu.

Na panya mwenye manyoya marefu wa Afrika Mashariki hutafuna gome la msungu, mti wa sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yale ubavuni. Mbwa anayemng'ata huweza kufa. Utafiti huo ulitoka 2011, na aliyeuongoza, Jonathan Kingdon, alizaliwa Tabora na kufundisha miaka mingi Makerere. Sumu ya mti huo nayo iliwahi kutumiwa Ulaya kutibu moyo.

La mwisho nimemwekea kijana, kwa sababu asili yake ni Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika.

Je, wajua kwamba Aprili 1965 mtu mmoja alivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba, akajulishwa kwa wapiganaji wa Kongo kwamba yeye ni daktari na mkalimani wa Kifaransa? Wacuba waliofuatana naye walipewa majina ya Kiswahili kwa mpangilio wa namba. Aliyetangulia akawa Moja, wa pili akawa Mbili, na huyo daktari akawa Tatu. Alikuwa Ernesto Che Guevara. Udaktari wake haukuwa wa uongo. Alihitimu Argentina mwaka 1953. Ila hakuja kutibu, alikuja kuongoza vita. Mwenyewe aliandika jinsi Desemba 1956, huko Cuba, risasi zilipoanza kulia alijikuta na mizigo miwili miguuni, begi la dawa na sanduku la risasi. Yote mawili hayabebeki kwa pamoja. Akaliacha begi, akabeba sanduku.

Kongo alihitaji mtu wa kumfundisha Kiswahili. Akapewa Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo wa miaka 16, aliyekaa naye kwa miezi saba hivi akimpa maneno siku baada ya siku. Novemba 1965 Wacuba walishindwa wakaondoka. Freddy alipelekwa Cuba, akiwa hajui kama atarudi kwao. Huko akasoma tiba, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, akaifanya kazi hiyo hadi uzeeni. Alifariki Cuba mwaka 2005.

Nilimpelekea kijana ukurasa huu Jumamosi hii, akausoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Akauliza Freddy alikuwa na sura gani. Nikasema sijapata picha yake ya ujana. Akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachora mtoto mwembamba amekaa kwenye jiwe kando ya ziwa, mbele yake mwanamume mwenye ndevu na kofia, amepiga magoti kama mwanafunzi. Ardhini, kwa ncha ya kijiti, mtoto ameandika moja, mbili, na herufi ya kwanza ya tatu.